Maisha ya Mabaharia Katika Safari Ndefu

Merikebu ikaayo baharini miezi mingi ni mfano wa mji mdogo usio na soko, wala shamba, wala kisima. Watu wake hula kile walichopakia pwani tu. Na maji ya bahari, ingawa ni mengi pande zote, hayanyweki kwa sababu ya chumvi. Katika mji kama huo uzembe wa mtu mmoja waweza kuwadhuru wote.

Mfano mzuri ni Endeavour, merikebu ya Kiingereza ya nahodha James Cook. Iliondoka Plymouth mwezi wa Agosti 1768, ikienda kisiwa cha Tahiti katika bahari ya Pasifiki, ili wataalamu waitazame sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Urefu wake ulikuwa kama mita 30, na ndani yake walikuwamo watu 94, pamoja na kuku, nguruwe, na mbuzi wa maziwa aliyekwisha kuizunguka dunia mara moja katika merikebu nyingine.

Upepo haulali, kwa hiyo mabaharia nao hawakuweza kulala wote pamoja. Waligawanywa katika zamu tatu, na kila zamu ilifanya kazi saa nne, kisha ikapumzika saa nane. Muda ulipimwa kwa saa ya mchanga. Kila nusu saa mchanga ulipokwisha kushuka, saa iligeuzwa na kengele ikapigwa: mara moja, kisha mara mbili, hata mara nane, ndipo zamu ikaisha. Wenye zamu walipanda milingotini kukunja na kukunjua matanga, hata usiku wa mvua. Wengine walishona matanga yaliyochanika au kusugua sitaha. Waliopumzika walilala chini ya sitaha, katika vitanda vya turubai vilivyotundikwa kwa kamba, wakibanana sana.

Chakula chao kilikuwa biskuti ngumu kama ubao, ambazo mara nyingi ziliingiwa na wadudu, na nyama iliyotiwa chumvi. Chakula hiki hushibisha, lakini hakina vitamini C. Mtu akiikosa vitamini hiyo kwa miezi michache hupatwa na kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na asipotibiwa hufa. Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, nao wakapata nafuu upesi. Lakini ilipita miaka karibu hamsini kabla jeshi la majini la Uingereza halijaamuru maji ya malimau yatolewe, mwaka 1795.

Cook alitumia njia nyingine. Kila walipofika pwani alitafuta mboga mbichi. Tena alipakia kabichi iliyokatwakatwa na kuchachushwa kwa chumvi. Lakini mabaharia hawakupenda vyakula vigeni. Mwanzoni mwa safari wawili walichapwa viboko 12 kila mmoja kwa kukataa nyama isiyotiwa chumvi. Katika jambo la kabichi Cook hakutumia kiboko. Aliagiza iwekwe kila siku mezani pa wakubwa, na mabaharia waachiwe hiari yao. Juma moja halijaisha wote wakaitaka, hata ikabidi wapimiwe.

Basi kiseyeye hakikuua mtu katika merikebu ile. Msiba ulikuja kutoka bara. Mwishoni mwa mwaka 1770 walitia nanga Batavia, mji uitwao leo Jakarta, ili merikebu itengenezwe. Huko wakapatwa na malaria na kuhara damu, na watu wapatao 30 wakafa, wengi wao baada ya kutweka tena. Waliosalia walifika Uingereza mwezi wa Julai 1771, na mbuzi pamoja nao.

Mawimbi na dhoruba ni adui aonekanaye, na kila baharia hujihadhari naye. Ukosefu wa mboga na uchafu wa maji ni adui wasioonekana, nao ndio walioua wengi zaidi.