Mshambuliaji wa mtani: asajiliwe au aachwe?

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa, swali hurudi: je, ni busara kumchukua mshambuliaji aliyeachwa huru na mtani?

Mashabiki wa Njombe na Makambako waliwahi kupata jibu kwa uchungu. Septemba 2017, katika Uwanja wa Sabasaba, Njombe Mji iliyokuwa imepanda Ligi Kuu msimu huo ililala 1-0 mbele ya Yanga. Mfungaji alikuwa Ibrahim Ajib, aliyetua Jangwani miezi michache awali baada ya mkataba wake na Simba kumalizika.

Kabla yake alikuwapo Mrundi Amissi Tambwe. Simba ilimtema Desemba 2014, Yanga ikamdaka, naye akaibuka mfungaji bora wa msimu wa 2015/16 kwa mabao 21.

Hata hivyo, mifano hiyo isiwapumbaze viongozi. Kanuni humruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kuzungumza na klabu nyingine, hivyo ada ya uhamisho huweza kukwepwa. Lakini mshahara na fedha za usajili hubaki palepale. Aidha, Ajib na Tambwe walikuta Yanga viungo wa kuwalisha mipira.

Kwa timu ndogo kama Njombe Mji, iliyoshuka daraja mwaka 2018 pamoja na Majimaji ya Songea, swali la kwanza lisiwe jina la mchezaji, bali: kwa nini ameachwa, na nani atampasia?