Homa ya Milimani na Hesabu ya Uwezekano

Mgwashi iko wilayani Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi. Mtu akipatwa na homa kali huko, je, upo uwezekano gani kwamba ni malaria? Hesabu ya swali hili yaweza kuokoa maisha.

Mnamo mwaka 2002 na 2003, watafiti walichunguza wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 walitibiwa kwa kudhaniwa kuwa wana malaria kali. Damu yao ilipopimwa na watafiti kwa hadubini, 2,062 walikutwa na vimelea vya malaria, na 2,412 hawakukutwa navyo. Katika kundi la kwanza walifariki 142. Katika la pili, 292.

Kwanza, uwezekano wa tukio moja. Uwezekano wa mgonjwa kuwa na vimelea ni 2,062 ÷ 4,474, yaani 0.46. Hii haifiki hata nusu.

Pili, uwezekano wa matukio mawili kwa pamoja: kukosa vimelea na kufariki. Hapa twagawanya kwa wagonjwa wote: 292 ÷ 4,474 = 0.065.

Tatu, uwezekano wenye sharti. Tukijua kwamba mgonjwa hana vimelea, twawaacha wengine na kugawanya kwa kundi lake tu: 292 ÷ 2,412 = 0.12. Kwa wenye vimelea ni 142 ÷ 2,062 = 0.07. Basi, waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale ambao ugonjwa wao haukuwa malaria. Dawa ya malaria haitibu nimonia.

Mahali pia ni sharti. Watafiti waliona kwamba kadiri makazi ya mgonjwa yalivyokuwa juu zaidi, ndivyo uwezekano wa kukutwa na vimelea ulivyopungua. Kwani baridi huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu. Kwa hiyo jibu la 0.46 halifai kuchukuliwa lilivyo na kutumiwa kwa mkazi wa milimani. Damu ipimwe kwanza, na vimelea visipoonekana, chanzo kingine cha homa kitafutwe upesi.

Zoezi: Tukijua kwamba mgonjwa alifariki, upo uwezekano gani kwamba hakuwa na vimelea? Mwanafunzi asijibu 0.12, kwa maana sharti limegeuka. Waliofariki wote ni 434. Jibu ni 292 ÷ 434, yaani 0.67.