Kifafa cha Mimba: Ugonjwa Unaoanzia Kwenye Kondo la Nyuma Kabla ya Dalili

Na Mwandishi Wetu

Mama mjamzito anapofika kliniki hupimwa shinikizo la damu na mkojo wake huchunguzwa kama una protini. Wapo akina mama wanaouona utaratibu huu kuwa wa kujaza kadi tu, hasa wanapojisikia wazima. Vipimo hivyo hutafuta ugonjwa ambao mama hawezi kuuhisi unapoanza, na ambao mara nyingi chanzo chake ni wiki za mwanzo za ujauzito, wakati kondo la nyuma linapokutana na kinga ya mwili wake.

Ugonjwa huo ni kifafa cha mimba. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), magonjwa ya shinikizo la juu la damu katika ujauzito husababisha takribani kifo kimoja kati ya kila vifo kumi vya uzazi barani Afrika na Asia. Jina lenyewe, kwa bahati mbaya, hupotosha. Degedege ni hatua ya mwisho ya ugonjwa, na kwa kuwa mgonjwa hutikisika na kupoteza fahamu, baadhi ya familia hudhani ni kifafa cha kawaida au pepo, na saa za kumwokoa hupotea kwa mganga.

Kazi ya kinga ya mwili ni kutambua kisicho cha mwili na kukishambulia. Ndiyo maana figo iliyopandikizwa hukataliwa iwapo mgonjwa hatapewa dawa za kutuliza kinga. Mtoto aliye tumboni naye ni nusu mgeni, kwani nusu ya jeni zake zimetoka kwa baba. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza Peter Medawar, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, aliuliza ni kwa nini mwili wa mama haumkatai.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika kondo la nyuma. Kiungo hiki huota kutokana na yai lilelile lililorutubishwa, hivyo kwa asili ni cha mtoto. Seli zake za nje, ziitwazo trofoblasti, hujipenyeza katika ukuta wa mfuko wa uzazi na kugusana na seli za kinga za mama. Karibu kila seli ya mwili hubeba juu yake protini za utambulisho, mfano wa kitambulisho cha taifa, zinazojulikana kwa kifupi kuwa HLA. Trofoblasti hazibebi HLA-A wala HLA-B, ambazo huchangia sana kukataliwa kwa viungo vilivyopandikizwa. Zile zinazojipenyeza hubeba HLA-C, HLA-E na HLA-G, na hii ya mwisho, ambayo ni nadra kwingineko mwilini, hutuliza seli za kinga zinazoigusa.

Upande wa mama nao hujiandaa. Katika miezi mitatu ya kwanza, takribani asilimia 70 ya chembe nyeupe zilizomo katika utando wa mfuko wa uzazi ni za aina iitwayo seli uaji asilia. Jina linatisha, lakini hapa seli hizo haziui trofoblasti. Huzikagua protini zake, hasa HLA-C, kwa vipokezi viitwavyo KIR, kisha hutoa kemikali zinazochangia kuamua kondo lijipenyeze kwa kina gani. Likipenya vizuri, ateri ndogo zilizojisokota hupoteza misuli yake na kuwa mifereji mipana, na mimba inapokomaa takribani nusu lita ya damu ya mama hupita huko kila dakika. Lisipopenya vya kutosha, ateri hubaki nyembamba na kondo hukosa damu, ilhali mama hana dalili yoyote. Kazi hii hukamilika kwa kiasi kikubwa kufikia wiki ya 20.

Hapo ndipo urithi unapoingia. HLA-C ina makundi mawili, C1 na C2, na mtoto anaweza kurithi C2 kutoka kwa baba. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kuwa hatari huongezeka pale mama ambaye vipokezi vyake vya KIR ni vya kuzuia zaidi anapobeba mtoto mwenye C2, kwani seli zake za kinga hujizuia kupita kiasi. Ila utafiti huo ulihusu wanawake wa Ulaya, wakati C2 hupatikana kwa wingi zaidi kwa Waafrika. Daktari bingwa wa uzazi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Annettee Nakimuli, akishirikiana na wenzake wa Cambridge, alilipeleka swali hilo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa zaidi ya wanawake 700. Matokeo ya mwaka 2015 yalithibitisha kuwa mchanganyiko huohuo ni hatari pia kwa wanawake wa Uganda, lakini jeni inayowakinga ni nyingine: KIR2DS5, tofauti na KIR2DS1 inayowakinga wanawake wa Ulaya. Kipimo kitakachobuniwa kwa kuchunguza Ulaya pekee kinaweza kuwaacha nje wanawake wetu. Na kwa familia zinazolaumiana, ieleweke kuwa mchanganyiko wa jeni hauchaguliwi na mama wala baba.

Kondo lililokosa damu humwaga katika damu ya mama kiasi kikubwa cha protini iitwayo sFlt-1. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo S. Ananth Karumanchi, walionyesha kuwa protini hiyo hunasa vichocheo vinavyotunza utando wa ndani wa mishipa ya damu. Utando ukidhoofika, shinikizo hupanda na figo huvujisha protini. Protini inayoonekana kwenye mkojo, kwa hiyo, ni ya mama mwenyewe, ikipita katika figo zilizojeruhiwa.

Kwa kuwa chanzo ni kondo, tiba ya msingi ni kujifungua. Magnesiamu salfeti humkinga mama dhidi ya degedege: utafiti wa mwaka 2002 uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kuwa hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Kwa walio katika hatari kubwa, wakiwemo waliowahi kuugua kifafa cha mimba, wenye kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha, WHO inapendekeza aspirini ya miligramu 75 kila siku, ianzwe kabla ya wiki ya 20 kwa maelekezo ya mtoa huduma. Mama anayeanza kliniki mwezi wa sita amekwisha kuikosa nafasi hiyo. WHO inapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza ndani ya wiki 12.

Shinikizo la 140/90 au zaidi, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo, au uso na mikono kuvimba ghafla ni sababu ya kwenda kituoni bila kusubiri tarehe ya kliniki. Degedege linaweza kutokea hata baada ya kujifungua, hasa katika saa 48 za kwanza na wakati mwingine wiki kadhaa baadaye, hivyo mama aliyekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani akiona dalili hizi arudishwe kituoni siku hiyohiyo.