Utamu wa Embe na Utamu wa Soda

Paukwa! Nanyi mwitikie: Pakawa!

Wajukuu zangu, leo sina kisa cha sungura wala cha fisi. Leo nawasimulia kisa cha mti. Mwembe una shida moja tangu uumbwe: hauwezi kutembea. Una watoto, nao ni mbegu, na mbegu ikidondoka palepale chini ya mama yake hukosa jua, hunyang'anywa maji, mwishowe hufa. Basi mwembe hufanya nini? Huifunga mbegu yake ndani ya kokwa gumu, huizungushia nyama laini, na katika nyama hiyo hutia sukari. Anakuja popo usiku, anachuma tunda, anaruka nalo mpaka mti mwingine, anakula nyama na kuliacha kokwa lianguke huko. Mtoto wa mwembe amepata kwake.

Ukienda kisiwani Pemba utamwona popo wa namna hiyo, mwenye manyoya mekundu ya kahawia, mkubwa kiasi kwamba akikunjua mabawa yake yanafika karibu mita moja na nusu. Yeye hakai pengine popote duniani isipokuwa Pemba. Chakula chake ni maembe, mashelisheli na matunda ya mikuyu. Wengi humwogopa, lakini ni mpanzi mkubwa wa miti, na ujira wake ni sukari.

Mti nao una akili yake. Haumlipi mtu kabla ya kazi kuwa tayari. Mbegu ikiwa bado changa, tunda huwa gumu, chachu, pengine linakausha ulimi. Tazama ndizi. Ndizi mbichi ina wanga mwingi na sukari kidogo sana, ndiyo maana tunaipika kama muhogo. Mama zetu wanaouza ndizi huivundika: huifunika, pengine pamoja na tunda lililokwisha kuiva, na baada ya siku chache inageuka njano. Kinachofanya kazi pale ni hewa iitwayo ethilini, ambayo tunda lenyewe huitoa. Hewa hiyo huliamsha tunda liive, na vimeng'enya vilivyomo ndani vinaugeuza wanga kuwa sukari. Hakuna aliyetia sukari kutoka dukani. Ilikuwamo tangu mwanzo, katika umbo jingine.

Sasa nifike kwenye swali linalowasumbua baadhi yenu, hasa wasichana wakubwa na vijana wa mazoezi. Mmesikia sukari inanenepesha, inaleta kisukari, inatoboa meno. Halafu mmesikia kwamba embe limejaa sukari. Wapo wanaokataa kabisa ndizi na nanasi, wanasema wanajilinda. Swali lao ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Chukua embe dodo kubwa, ondoa ganda na kokwa, ubaki na nyama ya gramu 200. Humo mna sukari karibu gramu 27. Sasa chukua soda ya kola ya mililita 300. Humo mna sukari kiasi cha gramu 30. Mmeona? Zinakaribiana mno! Tena ukizitazama kwa jicho la mkemia, ni sukari zilezile. Tunda lina glukosi, lina fruktosi, na lina sukrosi, ambayo ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana. Sukari ya mezani, ile nyeupe ya kutia kwenye chai, ni sukrosi. Utumbo ukishaikata vipande viwili, hauwezi kujua ipi ilitoka mwembeni na ipi ilitoka kiwandani.

Kwa hiyo anayesema sukari ya tunda ni ya aina nyingine, takatifu, isiyo na neno, hasemi kweli. Lakini anayesema embe ni sawa na soda naye amekosea, tena amekosea zaidi. Tofauti haiko kwenye sukari. Iko kwenye mahali sukari ilipokaa, na mwendo inaoingia nao mwilini.

Ndani ya embe sukari haijamwagwa tu kama ilivyo kwenye chupa. Imefungiwa ndani ya seli, chembe ndogo ndogo ambazo hamzioni kwa macho, na kila seli ina ukuta. Kuta hizo ndizo nyuzinyuzi, zikiwamo zile zinazowakwama katikati ya meno mkila embe la kienyeji. Meno yenu yanavunja baadhi ya kuta, tumbo linahangaika na zilizobaki, na nyuzinyuzi nyingine zinavimba kwa maji na kuwa kama ute mzito. Sukari inalazimika kutoka kidogo kidogo.

Na kidogo kidogo ndivyo mwili unavyotaka. Damu yote ya mtu mzima, anapokuwa hajala, ina glukosi inayotosha kijiko kimoja tu cha chai. Kijiko kimoja! Sasa fikiria gramu 30 za soda, zaidi ya vijiko saba, zikimiminika kwa dakika tatu. Kongosho linashtuka, linatoa insulini kwa wingi ili kuisukuma glukosi iingie kwenye misuli na akiba. Fruktosi nayo inakwenda kwenye ini, na ini likiletewa fruktosi nyingi kwa mkupuo, tena kila siku, hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Ni kama mvua shambani: ya rasharasha ardhi huinywa yote na mahindi hustawi, lakini ya gharika huteremka na udongo wenyewe.

Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha utafiti waliofanya kwa panya, wakaonyesha kwamba fruktosi ikija kwa kiasi kidogo, utumbo mwembamba wenyewe huishughulikia kwa sehemu kubwa, na ini halisumbuliwi. Ikizidi, inaupita utumbo na kulifikia ini. Panya si mtu, lakini jambo hilo linaeleza kwa nini mwendo una maana kubwa hivyo.

Kuna jaribio jingine nalipenda zaidi kwa sababu lilifanywa kwa watu na kwa kitu cha kawaida kabisa. Ni huko Bristol, Uingereza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1977. Watafiti waliwaita watu kumi wenye afya, wakawapa matofaa kwa njia tatu, kwa siku tofauti: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake isiyo na makapi. Sukari na wanga ni kiasi kilekile kila mara, gramu 60. Juisi iliweza kunywewa mara 11 haraka kuliko kula matofaa mazima, na mara 4 haraka kuliko yaliyopondwa. Waliokunywa juisi hawakushiba kama waliotafuna. Insulini ilipanda juu zaidi baada ya juisi na baada ya tunda lililopondwa. Kisha sukari ya damu, baada ya kupanda, iliporomoka kwa kasi kwa waliokunywa juisi, lakini kwa waliokula matofaa mazima haikuporomoka hivyo. Tunda ni lilelile, sukari ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba lilivunjwa na kuchujwa.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana nyumbani kwetu kosa hili tunalifanya kwa nia njema. Mgeni akija, au mtoto akiumwa, tunamtengenezea juisi. Glasi moja ya juisi halisi ya machungwa inahitaji machungwa matatu au manne. Tunakamua, tunachuja, tunatupa makapi, na juu yake tunaongeza vijiko vya sukari! Juisi ya mabungo, ya ukwaju na ya ubuyu ndiyo hupakiwa sukari nyingi kupita zote, kwa sababu matunda hayo ni makali. Na yale mabuyu ya rangi nyekundu mnayonunua nje ya shule yamepikwa kwa sukari na rangi. Ubuyu wenyewe, ule mweupe wa mtini, una nyuzinyuzi tele na ladha yake ya uchachu inatosha.

Kiwandani wanafanya kazi ileile ya chujio, ila kwa mashine. Muwa wa Kilombero, Tanzania, au wa Kakira, Uganda, unasagwa, maji yake matamu yanachemshwa mpaka yagande kuwa chembe, na makapi yanatiwa motoni kuendesha mitambo ya kiwanda. Ile sehemu ambayo ingekuchelewesha kula inachomwa, na ile inayoingia haraka inatiwa kwenye mfuko na kuuzwa.

Shirika la Afya Duniani lilizitenganisha sukari hizi lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015. Lilishauri kwamba sukari huru isizidi sehemu 10 kwa 100 za nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya sehemu 5. Kwa mtu mzima anayekula kawaida, hiyo 10 ni kama gramu 50, karibu vijiko 12 vya chai. Katika sukari huru wameweka sukari ya mezani, asali, sharubati, na pia juisi ya matunda hata ikiwa haikuongezwa kitu. Matunda mazima hawakuyaweka. Hayo shirika hilohilo linataka tuyale zaidi: matunda na mboga pamoja, angalau gramu 400 kwa siku kwa kila aliyetimiza miaka 10.

Na kisukari je? Watafiti wa Marekani walifuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 kwa miaka mingi, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2013. Waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu, matofaa na bluberi, walipata kisukari cha ukubwani kwa uchache zaidi, na waliokunywa juisi zaidi walikipata kwa wingi zaidi. Utafiti wa namna hiyo hutazama tu, hauthibitishi kwamba hili limesababisha lile. Hata hivyo ungetegemea kinyume chake kama sukari ya tunda ingekuwa adui.

Babu au shangazi aliyekwisha kuugua kisukari ana mambo yake. Yeye apime kiasi na afuate daktari wake; ndizi moja ndogo huenda ikamfaa, chano kizima cha nanasi hakitamfaa. Na kwa kila mtu, tunda lililokauka linataka hesabu. Tende, ambazo watu wa Oman na wa pwani yetu tunazipenda na tunafuturu nazo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, kwa kuwa maji yametoka. Tatu ni futari njema. Kumaliza pakiti mbele ya televisheni ni jambo jingine.

Lakini ninyi, wajukuu zangu, mnaokimbia na kucheza mpira mpaka jua linazama, hamna sababu ya kuliogopa papai, pera, tikiti wala fenesi. Sijapata kumwona mtoto aliyedhurika kwa machungwa aliyoyamenya kwa mkono wake. Waliooza meno kwa soda na peremende nimewaona wengi, na inaniuma kuona mzazi anamnyima mwanawe embe huku chai ya asubuhi ina vijiko vinne vya sukari.

Basi kesho mkipewa hela ya kula shuleni, nunueni ndizi mbili au kipande cha tikiti, na maji ya kunywa mbebe kutoka nyumbani. Mkirudi, mwombeni mama kwa adabu apunguze kijiko kimoja cha sukari kwenye chai ya nyumba nzima.