Mipaka ya Ubao wa Kanban katika Kompyuta

Kanban ni neno la Kijapani lenye maana ya ubao wa alama au wa tangazo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mhandisi Taiichi Ohno alilipa maana mpya katika viwanda vya Toyota: kadi iliyofuatana na kasha la vipuri. Vipuri vilipotumiwa, kadi ilirudishwa nyuma, nayo ikawa ndiyo idhini ya kutengeneza vingine. Pasipo kadi, hapakutengenezwa kitu. Kwa kuwa kadi zilikuwa na idadi maalumu, kazi nayo ilikuwa na kikomo.

Programu za kusimamia kazi, kama vile Trello iliyotolewa mwaka 2011, zilichukua sura ya kadi hiyo, lakini kikomo chake hakikupata nafasi ile ile. Mtumiaji huona safu wima za kazi zinazongoja, zinazofanywa na zilizokwisha, naye huburuta kadi kutoka safu moja hadi nyingine. Mfumo huu hufahamika upesi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hata hivyo, una kasoro tatu zisizofaa kupuuzwa.

Kwanza, kuongeza kadi hakugharimu chochote. Kadi zikizidi, nyingine hujificha chini ya kioo cha kompyuta, na katika simu safu nyingi hazionekani kwa pamoja. Hivyo ubao uliokusudiwa kuonyesha hali ya kazi kwa mtazamo mmoja hupoteza manufaa yake.

Pili, ubao wenyewe hauonyeshi wazi jinsi kazi moja inavyoitegemea nyingine. Na ichukuliwe kwa mfano timu inayotunga kamusi. Uhariri wa herufi M hauwezi kuanza kabla vidahizo vyake havijakusanywa, lakini kadi za kazi hizo mbili hukaa kando kando kana kwamba hazina uhusiano. Aidha, kadi ya kusahihisha kidahizo kimoja huwa na ukubwa sawa na kadi ya kuhariri herufi nzima. Msimamizi ahesabuye kadi zilizokwisha huweza kuahidi tarehe ya kupiga chapa, kumbe sehemu iliyo nzito ingali inangoja.

Tatu, kuburuta kadi ni kikwazo kwa mtu ambaye mkono wake hutetemeka, au asiyeweza kutumia kipanya. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.2, uliotolewa Oktoba 2023, unadai kwamba tendo la kuburuta liwe na njia mbadala, kama vile kubofya, isipokuwa pale ambapo kuburuta hakuepukiki. Programu isiyo na njia hiyo humtenga mfanyakazi huyo na kazi ya wenzake.

Kwa hiyo, timu inayochagua ubao huu haina budi kukubaliana mapema juu ya idadi ya kadi zinazoruhusiwa katika kila safu, kuandika ndani ya kila kadi ni kazi gani inayoitangulia, na kuhakikisha kwamba kila mwanachama aweza kuisogeza. Mambo haya matatu hayaletwi na ubao wenyewe. Ni ya watu wanaoutumia.