Goti la mbwa mdogo: apasuliwe au aangaliwe tu?

Mbwa anakimbia uani, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka kwa miguu mitatu, kisha anaunyoosha na kuendelea na mbio zake. Wanaofuga mbwa wadogo kama Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier au Maltese huizoea hali hiyo hadi wakaiona ni kituko tu. Mara nyingi ni pia ya goti iliyochomoka mahali pake.

Pia hiyo, au kilegesambwa, ni mfupa mdogo uliomo ndani ya kano ya msuli wa paja. Goti likikunjwa na kunyooshwa, huteleza juu na chini katika mfuo ulio kwenye ncha ya mfupa wa paja. Kwa baadhi ya mbwa wadogo mfuo huo hauna kina cha kutosha, au mifupa ya mguu imepinda kidogo, hivyo msuli unapokaza huivuta pia kuelekea upande wa ndani. Kwa kawaida chanzo ni maumbile ya kurithi kuliko ajali. Utafiti wa England uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta tatizo hili kwa takriban mbwa 13 katika kila 1,000 waliohudumiwa kwenye kliniki za kawaida.

Kabla ya kuuliza bei ya upasuaji, muulize daktari wa mifugo goti limefikia daraja gani. Katika daraja la kwanza, pia hutoka ikisukumwa kwa kidole na kurudi ikiachiwa. La pili, hutoka yenyewe mara kwa mara, kisha hurudi mguu ukinyooshwa. La tatu, hukaa nje muda mwingi ingawa daktari anaweza kuirudisha. La nne, iko nje moja kwa moja na hairudishiki kwa mkono.

Mbwa wa daraja la kwanza asiyechechemea kwa kawaida hahitaji kisu. Wa daraja la tatu au la nne hushauriwa upasuaji, hasa akiwa bado anakua, kwa kuwa mifupa huzidi kupinda. Mtihani mgumu uko katika daraja la pili, na hapo kinachoamua ni maisha ya mbwa mwenyewe: anachechemea mara ngapi, anaumwa au la, na hali inazidi au imetulia. Mrekodi kwa simu akitembea nyumbani, maana akifika kliniki huenda woga ukamfanya afiche kilema. Akianza ghafla kuchechemea bila kupata nafuu, mrudishe upesi; huenda kano ya ndani ya goti imekatika, na hapo hesabu inabadilika.

Katika upasuaji, daktari huongeza kina cha mfuo, na mara nyingi huhamisha kipande cha muundi kinachoshika kano na kukifunga kwa pini ili mvuto uwe wa moja kwa moja. Mbwa wengi hupata nafuu kubwa, lakini pia ya goti inaweza kuchomoka tena au pini zikalegea. Zaidi ya gharama, jiulize nani atamzuia mbwa kuruka na kukimbia kwa wiki sita hadi nane za kupona.

Asipopasuliwa, kazi ya kwanza ni uzito. Mbwa wa kilo tatu akiongeza nusu kilo ni sawa na mtu wa kilo 60 kufika 70. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote: waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na baridi yabisi iliwachelewa. Basi punguza mabaki ya mezani. Tandika mikeka kwenye sakafu ya vigae, kata kucha, mzuie kuruka kutoka kwenye makochi, na mtembeze kwa kamba kila siku ili msuli wa paja uwe imara.

Usimpe diclofenac, ibuprofen wala paracetamol ya nyumbani. Zinaweza kumsababishia vidonda vya tumbo au kuharibu figo na ini. Daktari ana dawa za mbwa, kama carprofen na meloxicam, zinazopimwa kwa uzito.

Mbwa mwenye tatizo hili asizalishwe, na anayenunua kitoto aulizie magoti ya wazazi wake. Aliyeamua kusubiri naye ampeleke mbwa akapimwe upya mara kwa mara. Daraja likipanda, au siku za kuchechemea zikianza kuzidi zile za kutembea vizuri, suala la upasuaji lirudi mezani kabla gegedu halijalika.