Silabi si mofimu: tunavyojenga na kukata maneno marefu

Wiki iliyopita nilikuwa Kabiro, upande wa Kawangware, kumtembelea binti yangu. Mjukuu wangu wa Gredi ya Tatu akanijia na daftari, uso umemkunjamana. “Babu, nimeekewa mkasi na mimi najua nimepata!” Alikuwa ameandika kwamba neno ‘mtu’ lina silabi mbili. Aliyesahihisha alisema ni moja.

Mtoto alikuwa sahihi. Mkazo wa Kiswahili, aghalabu, huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka ‘mtu’ polepole usikie sauti inapolemea: ni kwenye ‘m’. Konsonanti inayobeba mkazo ni silabi kamili: m-tu, m-ke, n-ne. Linganisha ‘mbuni’, yule ndege mkubwa asiyeruka, na ‘mbuni’, mti wa kahawa. Wa kwanza ni mbu-ni, silabi mbili. Wa pili ni m-bu-ni, silabi tatu, kwa kuwa ‘m’ hapo ni kiambishi cha ngeli na wingi wake ni mibuni.

Sasa tuje kwenye maneno marefu, ambayo huwatoa jasho hata wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Kiswahili hurefusha maneno kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuunganisha maneno. Kitenzi na nomino hutupa kipimajoto, kipazasauti, kifunguamimba na kiinuamgongo (hili la mwisho sisi tunaokaribia kustaafu tunalijua vyema!). Nomino mbili hutupa mwanafunzi, mwanaanga na garimoshi. Kidenmaki nacho ni hodari wa kuunganisha, ila hutanguliza kifafanuzi: uwanja wa ndege wao huuita ‘lufthavn’, yaani ‘luft’ (hewa) na ‘havn’ (bandari). Sisi kiini hutangulia: garimoshi ni gari kwanza, moshi baadaye.

Njia ya pili ni uambishaji. Chukua ‘watakaotusomesha’. Mofimu zake ni saba: wa-taka-o-tu-som-esh-a. Silabi zake ni nane: wa-ta-ka-o-tu-so-me-sha. Tazama mzizi ‘som’. Mofimu inaukata baada ya ‘m’, ilhali silabi inaihamisha ‘m’ hiyo kwenye ‘me’. Hapa ndipo wengi huteleza. Mofimu hukatwa kwa maana, silabi hukatwa kwa pumzi. Swali likidai silabi ukajibu kwa mofimu, hata ukiwa na akili kama mchwa, alama zimekwenda.

Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hivyo ‘kiinuamgongo’ ni ki-i-nu-a-m-go-ngo, silabi saba. Irabu mbili zinazofuatana hazimezani: mwa-na-a-nga. Herufi zinazowakilisha sauti moja hazitenganishwi: ng’o-mbe, kamwe si n-g’o-mbe. Maneno ya mkopo huweza kuwa na silabi funge: lab-da, ras-mi, dak-ta-ri.

Je, mstari ukiisha kabla ya neno kuisha? Kata penye mpaka wa silabi. Neno likiwa ambatano, ni bora ukate kwenye kiungo chake: mwana-funzi, kiinua-mgongo. ‘Mwanaf-unzi’ humkwaza msomaji, hasa mtoto anayejifunza kusoma.

Kuna ukataji mbaya zaidi: ule wa kuacha nafasi katikati ya neno. Nikitoka kwa binti yangu niliona karatasi imebandikwa langoni mwa ploti: “Fundi wa maji hata kuja leo.” Aliyeandika alimaanisha ‘hatakuja’. ‘Hata kuja’ ni maneno mawili yenye maana nyingine kabisa, kama katika “hata kuja kwake hakutasaidia”. Mama mmoja alikuwa amesimama pale na mitungi yake, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza, “Mzee, sasa anakuja ama haji?”

Nilimweleza. Kisha nikarudi ndani nikamwandikia mjukuu wangu barua fupi ya heshima ampelekee mwalimu wake, nikieleza kisa cha mbuni wawili. Jioni ya kesho yake nilipigiwa simu: “Babu, nimerudishiwa alama yangu!”